Lubumbashi: Giros ya Wagiriki bila nyama, je, soko letu linaweza kuipika?

LUBUMBASHI – Anayeijua shawarma anaijua nusu ya giros. Ni nyama iliyopangwa vipande juu ya vipande kwenye chuma kilichosimama, inazunguka polepole mbele ya moto, mpishi anakata tabaka la nje lililokauka na kuliweka ndani ya mkate bapa pamoja na nyanya, vitunguu na viazi vya kukaanga. Jina lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni mzunguko. Tofauti na shawarma ni kwamba huko Ugiriki nyama inayotumiwa zaidi ni ya nguruwe, kisha ya kuku, na juu yake unapakwa mchuzi mzito wa baridi unaoitwa tzatziki: maziwa ya mgando, tango, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni.

Kwa hiyo katika mkate mmoja kuna mambo mawili ambayo vegani hagusi. Vegani ni mtu asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama: si nyama tu, bali pia samaki, mayai, maziwa na hata asali. Neno hilo lilitungwa Uingereza mwezi wa Novemba 1944 na Donald Watson na wenzake, walipotaka kujitenga na wale wasiokula nyama lakini wanakunywa maziwa. Katika miaka ya karibuni giros ya vegani imekuwa kitu cha kawaida katika mji wa Athens, ambako nyama inabadilishwa na uyoga au unga wa ngano ulioshwa hadi ubaki utomvu wake. Swali la makala hii ni dogo na la kijikoni: kwa vitu vinavyopatikana katika soko la Kenya au soko la Mzee Kabila, mkaaji wa Lubumbashi anaweza kuitengeneza giros hiyo? Jibu ni ndiyo. Lakini ukilifuata jibu hilo hadi mahali vitu vinapotoka, unafika kwenye mabonde ya maji, kwenye pori linalogeuzwa makala, na kwenye bustani zilizo karibu na viwanda vya shaba. Hapo ndipo habari inakuwa nzito kuliko mkate.

Wagiriki wa hapa waliuza samaki

Kwanza tuondoe mawazo kwamba Ugiriki ni mbali na Katanga. Mji huu, ambao wakati ule uliitwa Elisabethville, ulianzishwa mwaka wa 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Wagiriki walikuja mapema, wengine nyuma ya kazi za reli, wengine kwa biashara ndogo. Wengi wao walishuka hadi Kasenga, kwenye mto Luapula, wakaanza kuvua na kununua samaki kwa ajili ya mji na kwa ajili ya wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka wa 1906. Kwa miaka mingi samaki wa Luapula aliyeliwa katika kambi za wafanyakazi alipita mikononi mwa wafanyabiashara Wagiriki. Walivua sana mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kuzaa, na katika miaka ya 1940 samaki huyo alianza kupungua vibaya. Mukumbuke jambo hilo, kwani litarudi kwa namna nyingine chini hapa.

Pamoja nao walikuja Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, kisiwa ambacho leo ni cha Ugiriki lakini wakati huo kilikuwa chini ya Italia. Wakaaji wengi wanajua kwamba Nissim Soriano, baba ya Moïse Katumbi aliyekuwa gavana wa Katanga, alitoka huko, na yeye pia alifanya kazi ya samaki. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza zairianisation, na maduka na mashamba ya wageni yakapewa raia wa Zaire. Wagiriki wengi waliondoka. Wachache walibaki au walirudi, na jamii yao ingali na kanisa lake la Kiorthodoksi mjini.

Kanisa hilo ndilo linalotupeleka kwenye chakula bila nyama. Waorthodoksi wanafunga kwa ukali kuliko wakristo wengi tunaowajua hapa. Katika Kwaresima Kubwa, kabla ya Pasaka, anayefuata desturi yote haachi nyama tu: anaacha pia mayai, maziwa, jibini na, isipokuwa siku chache, samaki. Tena siku za Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima ni vilevile. Kwa sababu hiyo Wagiriki wana jina zima la vyakula vya mfungo, nistisima, na jiko lao limejaa maharagi, dengu, mboga na mkate vilivyopikwa kwa ufundi wala si kwa huzuni. Watawa wa mlima Athos hawali nyama kamwe. Mmoja wao, padri Kosmas wa monasteri ya Grigoriou, alifanya utume katika Kolwezi, akalima na kufuga pamoja na watu, hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwezi wa Januari 1989. Basi anayedhani giros bila nyama ni ujanja wa vijana wa Ulaya, ajue kwamba Mgiriki mwenyewe anapita siku nyingi sana za mwaka bila kuonja kitu cha mnyama, na hakuna anayemcheka.

Giros yenyewe si ya kale sana kule kwao. Inasemwa kwamba ilifika na wakimbizi waliotoka Asia Ndogo mwaka wa 1922 na 1923, wakati zaidi ya watu milioni moja walipovuka kuja Ugiriki; walikuwa wameizoea kule kwa jina la döner, nyama ya kuzunguka ya Waturuki, ambayo mji wa Bursa unajivunia tangu karne ya 19. Ilikuwa ya kondoo. Ikageuka nguruwe Ugiriki, ikageuka ng'ombe na kondoo waliosagwa pamoja huko Chicago, ikageuka kuku kila mahali. Chakula kilichobadilika mara nyingi hivyo hakitakasirika kikibadilika mara moja zaidi.

Nani anaihitaji hapa?

Hapa wengine watauliza: katika mji ambao familia nyingi zinakula bukari na sombe juu ya kukosa pesa ya nyama, nani atatafuta mkate usio na nyama kwa hiari yake? Swali ni la haki. Kwetu kula majani kumeshikamana na umaskini. Mgeni akija, kuku anachinjwa. Ukimwekea mboga peke yake, atasema alipokelewa vibaya, hata kama mboga ilikuwa tamu. Na hata mboga yetu mara nyingi si ya vegani: sombe inatiwa samaki wa kukauka, lengalenga inatiwa kubo ya supu, na kubo hiyo mara nyingi ina mafuta ya kuku au ya ng'ombe. Soma karatasi yake.

Lakini watu wanaokataa nyama ya nguruwe katika mji huu ni wengi: Waislamu, Waadventista, Wakimbangu. Kwa hao giros ya kweli ya Kigiriki imefungwa tangu mwanzo. Kuna wagonjwa walioambiwa na daktari wapunguze nyama nyekundu. Na kuna jambo la mpaka. Sehemu kubwa ya chakula chetu inapita Kasumbalesa. Mwezi wa Agosti 2024 Zambia ilipofunga kwa siku chache vituo vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania juu ya mabishano kuhusu vinywaji vilivyokatazwa kuingia Congo, kila mwenye mgahawa aliona namna mji huu unavyoishi kwa lori za jirani. Chakula kinachoweza kutoka katika udongo wetu kina thamani yake siku kama hizo.

Kikanda, nyama ya zamani

Sasa tuje kwenye jambo ambalo Lubumbashi inaizidi Athens. Sisi tuna kikanda. Wabemba wanakiita chikanda, na ng'ambo ya Zambia wanakipa jina la utani la soseji ya Kiafrika. Kinapikwa tangu zamani, kabla Donald Watson hajazaliwa, na hakina nyama hata kidogo.

Kwa msomaji wa Goma au wa Bukavu asiyekijua: kuna maua ya porini, jamii ya okidi, yanayoota katika mabonde ya majani yenye maji, yale tunayoyaita dembo. Chini ya udongo kila mmea una viazi vidogo. Viazi hivyo vinachimbwa, vinakaushwa na kutwangwa kuwa unga. Kalanga mbichi nazo zinatwangwa. Maji yanachemshwa, unga wa kalanga unatiwa, kisha chumvi, pilipili na soda au maji ya majivu, mwishoni unga wa viazi. Mpishi anakoroga, na mbele ya macho yake uji ule unakamatana. Kisha sufuria inafunikwa, makala ya moto yanawekwa juu ya kifuniko, na kikanda kinaokwa kutoka juu na chini. Kikipoa kinakatwa vipande kama mkate au soseji: rangi ya kahawia, kigumu kidogo kwa meno, kinateleza kidogo, na ladha ya kalanga na pilipili.

Kinachofanya kazi hiyo ni kitu ndani ya kiazi kinachoitwa glukomanani, aina ya wanga unaovuta maji mengi. Ukikipasha moto pamoja na soda au majivu kinaganda, na kikiisha kuganda hakiyeyuki tena kwa moto. Ndiyo sababu kipande cha kikanda kinaweza kutiwa katika kikaango chenye mafuta bila kugeuka uji, na ndiyo sababu kinafaa kwa giros. Kikate chembamba sana, chembamba kuliko wanavyokikata wauzaji wa barabarani, kikaange hadi kingo zake ziwe kavu, kinyunyizie ndimu. Mtu anayekula akiwa amefumba macho hatasema ni nguruwe. Atasema ni kitu kizuri, na hilo linatosha.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Wagiriki na Waturuki nao wanakula viazi vya okidi. Wanavisaga na kutengeneza kinywaji kizito cha moto, salepi, kinachouzwa barabarani wakati wa baridi. Glukomanani ni ileile. Na neno okidi limetoka katika Kigiriki, orchis, maana yake korodani, kwa vile viazi viwili vinavyokaa pamoja chini ya mmea vinafanana na kitu hicho. Wataalamu wa mimea hawana aibu.

Lakini hapa ndipo samaki mpumbu anarudi. Anayechimba kiazi anang'oa mmea wote. Kila mmea una kiazi cha zamani kilichochoka na kipya kilichojaa ambacho kingeuotesha mwaka ujao. Mchimbaji anataka kile kipya. Mmea unakufa. Kuupanda upya si kama kupanda mihogo: mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na inahitaji kukutana udongoni na kuvu wa aina fulani ili iote. Kwa hiyo karibu kila kikanda kinachouzwa kimetoka porini.

Zambia ilitutangulia katika hasara hiyo. Mabonde yake ya kaskazini yalipoanza kuisha, wafanyabiashara waliingia Tanzania, katika nyanda za juu za kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba mamilioni ya viazi vya okidi, hata kufikia milioni nne, vilikuwa vinavuka mpaka kila mwaka kuelekea Zambia. Hofu hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zilizofanya Tanzania iifanye Kitulo kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 2005, mahali ambapo wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Kwa sheria ya kimataifa, okidi zote duniani zimo katika orodha za mkataba wa CITES, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Katika sokoni la Kasumbalesa unaweza kukaa siku nzima usimwone mtu anayeuliza kibali cha kikanda.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, itakuwa vibaya kama mtu ataacha kula ng'ombe kwa kuwahurumia wanyama, kisha amalize maua ya dembo nzima kwa mkate wa saa sita. Ng'ombe anazaa. Kikanda kibaki chakula cha sikukuu na cha kumbukumbu ya nyumbani, kipande kimoja au viwili ndani ya giros kwa ajili ya ladha. Mzigo mkubwa ubebwe na kitu kingine.

Uyoga, na miti yake

Kitu hicho ni uyoga, au bowa kama wengi wanavyosema hapa. Haut-Katanga ni tajiri kwa uyoga kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka wa 2017 watafiti De Kesel, Kasongo na Degreef, mmoja wao akiwa wa hapa Lubumbashi, walitoa kitabu kizima juu ya uyoga unaoliwa wa Haut-Katanga. Kabla yao, mwaka wa 1997, François Malaisse, aliyefundisha hapa miaka mingi, alikuwa ameandika kitabu juu ya namna watu wanavyojilisha katika msitu wetu wa miombo. Mvua zikianza mwezi wa Novemba wamama wanapanga kando ya barabara mafungu ya uyoga wa rangi ya machungwa, na ule mkubwa wa vichuguu, ambao aina yake moja ina kofia inayoweza kukaribia mita moja kwa upana. Hakuna uyoga unaoliwa mkubwa kuliko huo duniani.

Kwa giros, usikate uyoga kwa kisu. Uchane kwa mikono, kwa kufuata nyuzi zake, upate vipande virefu vinavyofanana na nyama iliyokatwa kwenye chuma. Tia kikaango juu ya mbabula, kipate moto sana, weka uyoga bila mafuta. Utatoa maji mengi. Usiogope, acha yakauke yote. Wapishi wengi wanaharibu hapa kwa haraka: wanatia mafuta maji yakiwa bado, na uyoga unachemka kama supu. Maji yakiisha ndipo tia mafuta, vitunguu saumu vilivyopondwa, chumvi, pilipili ya unga na origano kama umeipata katika duka kubwa. Ukiikosa, majani ya thyme yanatosha. Kandamiza kwa sufuria ndogo nzito ili kingo ziungue kidogo. Ladha ya giros iko katika kule kuungua, katika chumvi na katika ndimu, kuliko katika nyama yenyewe.

Nje ya majira ya mvua kuna njia ya ngano. Kanda kilo moja ya unga wa mkate na maji, acha ipumzike saa moja, kisha oshe donge hilo ndani ya beseni, ukibadilisha maji hadi yasiwe meupe tena. Wanga unaondoka, kinabaki kitu kinachovutika kama mpira, chini ya nusu kilo. Kichemshe muda wa saa moja katika maji yenye vitunguu na viungo, kipoe, kikate chembamba, kikaange. Njia hiyo ni nzuri kwa Athens. Kwa kartie ambako maji yanabebwa kichwani kwa bidoni, kumwaga mabeseni matano kwa ajili ya mkate ni jambo la kufikiri mara mbili. Angalau maji ya kwanza, meupe kama maziwa, usiyamwage: yakituama wanga unashuka chini, na unafanya uji wa watoto.

Soja ni rahisi kuliko vyote. Vipande vya soja vilivyokauka vinauzwa katika pakiti. Viloweshe katika maji ya moto yenye chumvi na ndimu, vikamue kwa nguvu, kisha vikaange kama uyoga. Usipovikamua vitabaki na harufu ya soja, na wageni watajua umewadanganya.

Uyoga una deni lake pia. Ule wa rangi ya machungwa unaishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya miombo: mti unaupa sukari, wenyewe unaupa mti maji na madini. Mti ukikatwa kwa ajili ya makala, uyoga unakwisha mahali hapo, hata kama udongo umebaki uleule. Ule mkubwa unalimwa na mchwa ndani ya kichuguu, na vichuguu vya Lubumbashi vinavunjwa kwa kutengenezwa matofali. Makala ya mji huu yanatoka mbali zaidi kila mwaka, na wauza uyoga nao wanatoka mbali zaidi. Watu wanalalamika juu ya bei ya makala wala hawaioni bei ya uyoga ikitembea nyuma yake.

Mboga ilimwa wapi?

Imebaki mboga, na hapa Lubumbashi si Athens hata kidogo. Mwaka wa 2009 profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wanaoishi Katanga. Kwa wale walio karibu na migodi na viwanda, chini ya kilomita tatu, kobalti ilikuwa nyingi kuliko iliyowahi kuandikwa mahali popote kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi kiwandani. Utafiti uliofuata mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba chakula kilicholimwa karibu na viwanda ni mojawapo ya njia kubwa za madini hayo kuingia mwilini, na kwa watoto vumbi pia.

Mtu anayeamua kula majani na mboga tu, basi, anapaswa kuuliza swali moja ambalo mla nyama haulizi sana: bustani iko wapi? Kuosha kunaondoa vumbi lililo juu ya jani. Hakuondoi madini ambayo mzizi umeshanywa. Kwa kawaida mboga za majani zinabeba madini zaidi kuliko zile tunazokula tunda lake. Kwa hiyo katika giros ya Lubumbashi ningeacha saladi ya majani, nikaongeza nyanya, tango na vitunguu, nikanunua kwa mama anayeweza kusema shamba lake liko upande gani. Uyoga nao unavuta madini. Usichume karibu na kiwanda, wala usichume kamwe usioujua, maana kila mwaka wa mvua kuna sumu porini inayofanana na chakula.

Mchuzi ni kazi ya dakika kumi. Paraza tango, litie chumvi, likamue. Ponda avoka iliyoiva pamoja na vitunguu saumu na ndimu nyingi, changanya na tango, tia mafuta kidogo. Anayetaka mchuzi mweupe kama wa Wagiriki achemshe maziwa ya soja, ayakatishe kwa ndimu, ayatundike ndani ya kitambaa hadi yawe mazito, kisha ayapige na mafuta na chumvi. Mkate ni unga, maji, chachu, chumvi na kijiko cha mafuta; ukisukumwa mduara na kutupwa juu ya kikaango kikavu chenye moto mkali, utavimba wenyewe. Weka uyoga, vipande viwili vya kikanda vilivyokaangwa, viazi vya kukaanga, nyanya, vitunguu, mchuzi, ukunje ndani ya karatasi.

Neno moja la afya kwa yule anayetaka kuishi hivyo kila siku na si kwa mkate mmoja tu: vitamini B12 haipatikani katika mimea. Kalanga, maharagi na soja vitampa protini ya kutosha, lakini B12 atalazimika kuitafuta katika dawa au katika chakula kilichoongezewa. Aongee na daktari, zaidi sana mama mjamzito.

Wale watakaojaribu waangalie pia kalenda. Kwaresima ya Waorthodoksi inaanza mwezi wa Februari au Machi na kumalizika na Pasaka yao mwezi wa Aprili au mwanzo wa Mei, wakati mvua za Katanga zingali zinanyesha au zinaelekea kuisha, na wamama wa uyoga bado wako barabarani. Saa hiyo ya asubuhi, kabla jua halijawa kali, uyoga ni mkavu na bei bado inazungumzika. Kufika saa nane umekwisha kulainika, na hakuna mbabula itakayouokoa.